Kijerumani cha Tofiki

Tofiki aliporudi kijijini kwao Bodo kutoka hoteli za Diani, alirudi na redio kaseti begani, katoni ya kaseti kichwani, na uongo mmoja ambao ulikuwa umemtangulia nyumbani miaka mingi.

Uongo wenyewe ulikuwa huu: kwamba kule hotelini yeye alikuwa mkalimani wa Wajerumani. Kila alipokuja kusherehekea Idi watu walimwuliza kazi yake, naye hakuweza kuwaambia binamu zake kwamba alikuwa akigawa taulo kando ya bwawa la kuogelea. Taulo si kazi ya kusimulia. Basi alikuwa akisema, "Mimi ndiye ulimi wao. Mjerumani hata chumvi hawezi kuiomba bila mimi." Kwa kweli, Kijerumani chake kilianzia kwenye habari za asubuhi, kikapitia taulo na bia, kikaishia kwenye asante.

Halafu ukaja mwaka ule wageni walipokimbia kwa sababu ya vurugu za Likoni, na kabla watu hawajapumua zikaja mvua za El Nino zikazoa barabara. Hoteli ikafunga nusu ya vyumba, na mgawa taulo akawa miongoni mwa wa kwanza kuagwa. Siku yake ya mwisho, bibi mmoja wa Kijerumani aliyekuwa amebaki karibu peke yake pale bwawani akampa ile katoni. Macho ya bibi yule yalikuwa yameingia ukungu, hawezi kusoma, kwa hiyo kila mwaka kabla ya safari alikuwa akinasa vipindi vya redio ya kwao ili aje kuvisikiliza juani. Mizigo yake ilikuwa mizito. Akaeleza kwa mikono kwamba akifika kwao atanasa vingine. Ndani ya kaseti zile hamkuwa na muziki. Walikuwamo watu wakizungumza, wakibishana, wakicheka, wakikohoa.

Tofiki alizipokea kwa nia ya kuzifuta na kutia taarabu. Angefanya hivyo, lau si Mzee Zahoro.

Mzee Zahoro alikuwa fundi wa mashua aliyeachishwa kazi na kiuno chake, na baraza ya nyumba yake ilikuwa pana kuliko zote pale kijijini. Tofiki alipita hapo na redio yake siku ya pili baada ya kurudi.

"Shikamoo, Mzee Zahoro."

"Marahaba, mwanangu. Umerudi, mkalimani wetu? Alhamdulillahi. Hebu tutilie hiyo tusikie."

Tofiki akatia kaseti iliyokuwa juu. Ikatoka sauti nzito ya mwanamume, ikienda polepole, ikitua kila baada ya maneno machache, kama mtu anayekumbuka makosa yake.

"Eh, huyu ana machungu," alisema Mzee Zahoro. "Asema nini?"

Watu waliokuwa wamekaa barazani wakageuka wote. Tofiki akamtazama mzee, kisha macho yake yakavuka njia yakaangukia nyumba ya Abdurahman. Abdurahman ni mdogo wake Mzee Zahoro, tumbo moja, na wawili hao walikuwa hawasemezani kwa sababu ya mnazi ulioota mpakani. Mnazi mmoja! Bodo nzima ilikuwa ikijua, na hapakuwa na mtu aliyethubutu kumtajia mzee jambo hilo.

"Anasema," Tofiki alianza, "palikuwa na ndugu wawili." Na papo hapo akajua kwamba ameshaingia majini na nguo zake, hakuna tena kurudi ufukoni.

Akaendelea. Ndugu wawili wa mji wa baridi waligombania mti wa matunda. Kila mmoja akasema, "Nitamsalimu akinisalimu." Mti ukazaa, ukapukutika, ukazaa tena. Siku moja mdogo akafa, na matunda yote yakawa ya mkubwa. Mkubwa akaketi chini ya mti ule na kikapu kilichojaa, na hapakuwa na mtu wa kumwambia, onja hili. Yule Mjerumani kwenye kaseti akashusha sauti, na Tofiki akasema, "Hapa analia."

Siku ya pili, baada ya sala ya Adhuhuri, watu walimwona Mzee Zahoro akivuka njia na kikapu cha madafu, kiuno amekishika kwa mkono mmoja. Akapiga hodi kwa Abdurahman. Walikula pamoja mpaka Alasiri, na sauti zao zilisikika nje wakibishana juu ya mambo ya utotoni.

Kuanzia hapo Tofiki hakupata mapumziko wala hakuyataka. Watu walimfuata nyumbani kwa Bimkubwa, mama yake mdogo aliyekuwa akikaa naye, wakamwuliza wasikilize kaseti ipi. Naye akawa anapendekeza kama mganga anayetoa dawa. Alikuwa ameshajifunza kuzichagua kwa sauti: mwanamume mzito alifaa kwa visa vya majuto, wanawake wanaokatizana walifaa kwa fitina, na ile yenye vicheko vingi ilikuwa ya wale wenye kiburi.

Bimkubwa, aliyekuwa halali kwa mawazo, alipewa kaseti ya mwanamke mwenye sauti laini kama mafuta ya nazi. "Huyu anaeleza bustani ya mfalme wao, mama. Ua moja baada ya jingine. Isikilize ukiwa umelala chali." Bimkubwa akaisikiliza baada ya chakula cha mchana, akalala mpaka kuku wakaingia jikoni wakala wali.

Na Mutinda je? Mutinda alikuwa Mkamba aliyetoka huko juu kwenye mashamba ya walowezi, akafungua duka pale Bodo. Alikuwa mtu mcheshi, mwenye mkono mwepesi wa kukaribisha, ila kidole gumba chake kilikuwa na mazoea ya kupumzika juu ya mizani sukari inapopimwa. Tofiki akamwambia mbele ya watu, "Bwana Mutinda, wewe ni mfanyabiashara, kuna moja nakupendekezea. Wanabishana wafanyabiashara watupu." Na katikati ya yale mabishano ya Kijerumani akamfasiria habari za muuza unga aliyekuwa akibonyeza mizani, hata kidole chake kikaanza kuvimba kila siku kidogo, mpaka ikabidi akibebe kwa toroli.

Watu walicheka, Mutinda naye akacheka. "Wazungu wana stori, bwana! Toroli!" Lakini kesho yake, alipokwisha kumimina sukari, aliisoma mizani mikono miwili ikiwa nyuma ya mgongo, kama mwanafunzi aliyeitwa mbele ya darasa.

Hilo ndilo lililomnogea Tofiki. Lile ambalo hangethubutu kulisema kwa kinywa chake, Mjerumani alilisema kwa niaba yake, na hakuna mtu anayeweza kwenda mpaka Ujerumani kumgombeza Mjerumani.

Ndipo aliporudi Bushra.

Bushra ni binti yake Abdurahman. Aliolewa na Mjerumani mmoja mpole aliyempata Ukunda, akaenda naye mji wa Bremen, akakaa huko muda wa kutosha kusahau ladha ya samaki wa kupaka. Ndoa ilipokwisha, ilikwisha bila kelele, naye akarudi kwao na sanduku moja na ulimi uliokuwa umenolewa pande zote mbili. Alipowakuta baba yake na baba yake mkubwa wakila sahani moja, alistaajabu.

"Nani amewapatanisha?"

"Kaseti," alijibu Abdurahman. "Kaseti ya Kijerumani. Tofiki ametufasiria."

"Tofiki yupi? Tofiki wa taulo?"

"Taulo gani? Tofiki mkalimani."

Bushra aliwahi kumwona kwa macho yake pale hotelini, kabla hajasafiri, akikimbia kando ya bwawa na rundo la taulo mpaka kidevuni.

Habari kwamba Bushra amerudi zilimfikia Tofiki akiwa anakunywa chai, na chai ikapita njia isiyokuwa yake. Na kabla hajamaliza kukohoa, Mzee Zahoro akatuma salamu: leo baada ya Alasiri kuna kikao, wataalamu wawili wa Kijerumani wasikilize pamoja kaseti ile ile ya ndugu wawili.

"Mawe ya redio yamekwisha," Tofiki alisema alipofika barazani. Alisema kwa huzuni kubwa, kama anayetangaza msiba.

"Hakuna shida!" alisema Mutinda, akatoa mfukoni mawe mapya, jozi ya betri. "Hayo ni zawadi kutoka dukani. Leo hata mimi nataka nisikie vizuri."

Tofiki akayatia. Bushra alikuwa amekaa karibu na mlango pamoja na Bimkubwa, ameinamisha kichwa kwa adabu. Sauti nzito ikaanza. Tofiki akaanza naye, lakini safari hii ndugu wawili walitoka kinywani mwake wakichechemea. Kila alipoinua macho alimwona Bushra ameuma upindo wa mtandio wake, mabega yanapanda na kushuka.

"Haya, mwanangu," alisema Mzee Zahoro kaseti ilipokwisha. "Amefasiri sawasawa?"

Bushra akakohoa. "Baba mkubwa, uniwie radhi. Mimi sikusikia ndugu. Wala mti."

Tofiki akaona dunia ikijikunja kama mkeka.

"Hukusikia ndugu?" Mzee Zahoro alikunja uso. "Kisa kilichonitoa machozi, wewe hukukisikia? Bushra, kule ulikuwa ukikaa jikoni. Kijerumani chako ni cha sufuria. Huyu mwenzio alikuwa hotelini na wakubwa!"

"Kweli," mtu mmoja akaitikia. "Kuna Kijerumani na Kijerumani."

Uso wa Bushra ukaiva kwa hasira. Akaomba ruhusa, akaenda zake. Tofiki aliokoka, lakini usiku ule mto wake aliugeuza pande zote na hakupata upande wenye baridi.

Asubuhi alijificha nyuma ya jiko la Bimkubwa na ile kaseti. Alikuwa ameingiza kalamu ya risasi kwenye tundu na kuuvuta utepe nje, atoe uzi wote, kisha aseme redio imeutafuna.

"Waua shahidi?"

Bushra alikuwa amesimama kwenye kona ya ua, mikono kiunoni.

"Bushra, dada yangu..."

"Usinidade. Hebu rudisha utepe huo ndani, polepole, usiukunje." Akangoja mpaka alipoanza kuuzungusha. "Wajua huyo mwenye machungu alikuwa akisema nini?"

Tofiki akatikisa kichwa.

Bushra akatazama kushoto, akatazama kulia, akainama sikioni mwake. "Nguruwe."

Kalamu ikamwanguka Tofiki.

"Namna ya kuwanenepesha," Bushra aliendelea, na sauti ikaanza kumtetemeka kwa kicheko. "Wapewe viazi vilivyochemshwa, walale pakavu. Pale uliposema analia, alikuwa akisema kwamba jike akizaa aangaliwe asiwalalie watoto. Baba mkubwa ameisikiliza mara ngapi?"

"Kila Ijumaa," alisema Tofiki kwa sauti ya mtu anayezama. "Huwa anaiomba akisubiri adhana ya Magharibi."

Wakatazamana. Ikawa haiwezekani kujizuia, wote wawili wakaketi chini mchangani wakacheka kimya kimya, machozi yanawatoka, Tofiki ameziba mdomo kwa mikono miwili.

"Na wale wafanyabiashara wa Mutinda?" Tofiki aliuliza.

Bushra aliomba aletewe katoni, wakaanza kuzisikiliza moja moja, sauti chini. Wafanyabiashara walikuwa majirani wakigombana kuhusu mbwa wanaochafua njia. Nyingine ilikuwa ya mwanasheria akieleza kodi. Ile ya vicheko vingi ilikuwa kweli ya vichekesho, ila vibaya. Na yule mwanamke wa bustani ya mfalme alikuwa mtaalamu akiwafundisha watu kuvuta pumzi ili wapate usingizi.

"Hiyo nimepatia!" Tofiki aliruka.

"Saa iliyokufa nayo hupatia mara mbili kwa siku." Bushra akafuta machozi, akasimama. "Sikiliza. Neno hilo la viazi halitanitoka mbele ya baba mkubwa, maana nimekuja nikamkuta akila na baba yangu, na hilo silichezei. Lakini umewaacha watu waniite wa sufuria. Hilo utalilipa."

"Utanifanya nini?"

"Nitakupendekezea kaseti," alisema Bushra, akaondoka.

Ijumaa iliyofuata alikuja barazani mwenyewe, mpole kama maji ya mtungini, kaseti mkononi. Akasalimu wakubwa kwa wadogo. "Nimekosa adabu siku ile," alisema. "Nimeleta hii kutoka Bremen. Ni mwanamke anazungumza, na mimi Kijerumani chake kinanishinda, kirefu mno. Ningependa Tofiki atufasirie."

Mzee Zahoro akafurahi. Tofiki hakufurahi. Lakini baraza ilikuwa imejaa mpaka njiani, Bimkubwa alikuwa amekuja na kigoda chake, Mutinda alikuwa amefunga duka. Akabonyeza.

Ikatoka sauti ya mwanamke, nene kidogo, ya haraka, yenye kuamrisha. Tofiki aliisikiliza, na moyo wake ukatulia. Sauti hii ilikuwa na kazi, ilifaa kusuta. Na pale pale shetani wake wa siku zote akamnong'oneza kwamba hii ndiyo nafasi ya kumrudishia Bushra yale ya nyuma ya jiko.

"Anasema," alianza, "palikuwa na binti mmoja aliyekwenda nchi ya mbali."

"Ehee," baraza ikaitikia.

"Aliporudi kwao, pua ilikuwa juu kiasi kwamba mvua ikinyesha lazima aizibe." Kicheko. Tofiki akapata moto. "Akimkuta mtu anaeleza jambo, lazima amkosoe. Akila muhogo, asema haukuiva. Mama yake akamwambia, binti, huko ulikokwenda ulifundishwa kuongea, hukufundishwa kunyamaza. Binti akakasirika, akapanda juu ya kabati..."

"Kabati?"

"Ndivyo anavyosema. Akakataa kushuka. Watu wote wa mji wakaja kumbembeleza, na yeye akawa..."

Hapo sauti kwenye kaseti ikatua. Ikasafisha koo, ikaacha unene wake. Kisha ikasema, kwa Kiswahili safi cha Bodo:

"Assalamu alaikum, jamaa zangu. Ni mimi, Bushra. Yote mliyoyasikia mpaka hapa ni namna ya kupika supu ya kabeji. Kama Tofiki amewafasiria supu, mpeni mkono. Kama amewafasiria jambo jingine, muulizeni amelitoa kwenye kabeji gani. Haya, Tofiki, fasiri na haya pia."

Kaseti ikaendelea kuzunguka bila sauti.

Wa kwanza kupasuka alikuwa Bimkubwa. Alicheka mpaka kigoda kikamkimbia akakaa chini. Kisha baraza nzima ikalipuka, watu wakapigana makofi mgongoni, mtu mmoja akaenda kuegemea ukuta. Tofiki alisimama katikati kama mti uliopukutika, masikio yanawaka. Bushra alikuwa akitazama kucha zake.

Watu wawili hawakucheka. Mmoja alikuwa Mutinda. "Ngoja kidogo," alisema, akasimama. "Kwa hivyo yule wa mizani? Ule wa toroli? Hakuna Mzungu alisema hiyo maneno? Ilikuwa ni mimi?"

Tofiki hakuwa na pa kukimbilia. "Ulikuwa wewe, Bwana Mutinda."

"Umenianika mbele ya watu, halafu nikacheka pamoja nao! Mimi!"

Wa pili alikuwa Mzee Zahoro. Aliinua mkono, na kelele zikakoma.

"Wale ndugu wawili," alisema polepole, "walitoka wapi?"

"Kichwani mwangu, mzee. Nisamehe." Tofiki alipiga magoti. Aliona kikapu cha madafu kikirudi kilikotoka, aliona njia ikiwa pana tena kati ya nyumba mbili, na kwa mara ya kwanza tangu arudi Bodo akaona aibu ya kweli. "Ukitaka kukasirika, nikasirikie mimi. Mzee Abdurahman hana kosa."

Mzee Zahoro akamtazama mdogo wake. Abdurahman naye alikuwa amemtazama, hajui aweke wapi mikono yake.

"Salamu nilishaitoa," mzee alisema mwishowe. "Salamu hairudishwi mfukoni kama tumbaku. Na huyu Abdurahman nimeshamzoea tena, nitamweka wapi?" Akavuta pumzi. "Lakini sauti ile ilikuwa na machungu, wallahi. Bushra, mwanangu, nimekukosea, kumbe Kijerumani chako ni kizima. Yule bwana alikuwa akisema nini hasa?"

Tofiki akafumba macho.

"Ufugaji, baba mkubwa," alisema Bushra bila kupepesa. "Mambo ya ufugaji."

"Ufugaji wa nini?"

"Wa wanyama wa kule. Kule baridi nyingi, wana wanyama wao."

"Kama ng'ombe?"

"Wafupi kidogo."

Mutinda, aliyekuwa bado amesimama amevimba kwa hasira, akamtazama Bushra. Akamtazama Tofiki, aliyekuwa ameuma mdomo mpaka umekuwa mweupe. Kwao Mutinda, huko juu, majirani walikuwa na mabanda ya wanyama wafupi wanaokula viazi. Uso wake ukabadilika taratibu. Macho yakamtoka. Akajishika tumbo, akageuza mgongo, akashuka barazani akaelekea dukani kwake huku akitikisika kama mtu mwenye homa, na kutoka mbali wakamsikia akipiga ukuta kwa ngumi na kupiga kelele, "Mama yangu! Mama yangu!"

"Amekasirika sana," alisema Mzee Zahoro kwa huruma.

Kesho yake Mutinda alimpimia Tofiki sukari na kumwongezea konzi. Hakutaja mizani wala toroli. Alisema tu, kwa sauti ya chini, "Siri hiyo, bwana, ni kubwa kushinda deni lako," na akaanza kucheka upya mpaka wateja wakamwachia nafasi.

Bushra alichukua katoni yote. Alizichambua zile kaseti kwa siku nyingi, na katika rundo lile akapata chache ambazo kweli zilistahili kusikilizwa: nahodha mmoja mzee akieleza alivyokwama kwenye barafu, mwanamke kipofu aliyewajua ndege wote kwa milio, mkulima wa nyuki. Akawafasiria watu neno kwa neno. Yule wa ndege waliomba arudie. Yule wa nyuki walimbishia, wakasema nyuki wa Bodo hawana tabia hizo, na ubishi ule ukawa mtamu kuliko kaseti yenyewe.

Tofiki alikaa nyumbani Ijumaa mbili hivi, akimchanjia Bimkubwa kuni na kukwepa njia kuu. Ijumaa iliyofuata Mzee Zahoro alimtuma Abdurahman amlete. Abdurahman alimleta amemshika mkono kama mwizi.

"Kaa," alisema mzee. "Leo Bushra amechoka. Tuambie wewe."

"Sina redio, mzee."

"Redio nani kaitaka?"

Bila ile sauti ya mtu mwingine ya kujificha nyuma yake, ulimi wa Tofiki ulikuwa mzito kama kasia lililolowa. Watu walimtazama yeye mwenyewe, usoni. Akaanza, akajikwaa, akaanza tena.

"Palikuwa na mtu mmoja," alisema, "aliyeazima jembe la jirani yake..."

Upande wa nyuma wa baraza mtu mmoja akajiweka sawa, akakohoa. Vichwa vikaanza kugeuka, kimoja baada ya kingine.

"Tofiki," aliuliza Bimkubwa, akisogeza kigoda chake mbele, "huyo mtu ni wa wapi?"

"Sijasema bado, mama," alijibu Tofiki, na tabasamu la zamani likaanza kumrudi pembeni mwa mdomo. "Ngoja kwanza afike mwisho wa shamba, tuone kama atalirudisha mwenyewe."